Dorsila na Karatasi ya Kiwanda cha Mbuta

Nyinyi mnaoanza kazi mwaka huu mmenikuta nimeshazeeka, na miguu yangu mnaiona ilivyo. Hiyo ni miaka ya kusimama kwenye maji ya barafu. Juzi pale ofisini mliniuliza chama chetu cha wafanyakazi kilianzaje Homa Bay, nami nikawajibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu mlikuwa mnawahi gari. Leo nimekaa. Nitawaambia yote, na lile kosa langu pia, maana kuna watu wanalisimulia vibaya na mimi mwenyewe bado niko hai.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kisu cha mbuta ni kirefu na chembamba, hakishikwi kama kisu cha sukuma wiki. Unaingiza ncha nyuma ya kichwa, unakilaza juu ya mfupa, halafu unamwacha samaki akuonyeshe njia. Ukisikia kisu kinakwaruza, uko sawa. Ukisikia kimya, ujue kinakula nyama, na supavaisa atakuwa nyuma yako kabla hujainua kichwa. Minofu miwili mikubwa inatoka, inakwenda barafuni, inapanda ndege kwenda Ulaya. Kinachobaki ni kichwa na mifupa, tunaita mgongo wazi, na hicho ndicho kilichokuwa chetu. Watu walikuja kukinunua langoni wakakaange.

Haya yote nilifundishwa na Dorsila.

Dorsila alitoka upande wa Mbita, na aliajiriwa mwaka mmoja kabla yangu. Siku yangu ya kwanza niliharibu mbuta mkubwa mpaka mnofu ukaonekana kama umetafunwa na mbwa. Supavaisa alikuwa anakuja, meza kwa meza. Dorsila alivuta mnofu wangu kwake, akanisukumia wake. Supavaisa alipofika alimfokea yeye, akaniambia mimi, "Wewe mgeni uko na mkono mzuri." Alipoondoka Dorsila akaninong'oneza, "Nyamera, huo mkono mzuri uupeleke nyumbani ukapike nao ugali." Nyamera ni dada yangu kwa Kijaluo. Tangu siku hiyo aliniita hivyo, na mimi sikumwita vingine.

Kuna mambo madogo alinifundisha ambayo hamtayapata kwenye karatasi yoyote. Soksi mbili, ya ndani ya pamba na ya nje ya sufu, na katikati mfuko wa plastiki. Kabla ya zamu kunywa uji, si chai, kwa sababu chai inakupeleka chooni na chooni tulikuwa tunakwenda kwa ruhusa. Na gambuti ukizivua, zisimamishe kichwa chini hata kama zinavaliwa tena baada ya dakika tano. Zilikuwa za kiwanda, hazikuwa za mtu. Mimi nikizivua zikiwa na jasho langu, wa zamu inayofuata anaingiza miguu humo humo. Fangasi wa mmoja alikuwa fangasi wetu sote.

Dorsila alikuwa anaweza kumwiga meneja mpaka unashika tumbo. Alikuwa anatembea vile vile, tumbo mbele, akikagua meza huku amebana pua. Siku moja alikuwa katikati ya kumwiga, sisi tunacheka, ghafla tukanyamaza. Meneja alikuwa mlangoni. Dorsila hakugeuka. Aliendelea kutembea hivyo hivyo mpaka kwenye beseni, akachukua ufagio, akaanza kufagia kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Meneja akamwuliza, "Unaumwa?" Akajibu, "Kidogo tu, bosi, ni uzito wa kazi."

Nawaambia haya ili mjue nilimkosea nani.

Sasa, habari ya mkono. Ilikuwa asubuhi, samaki wengi, supavaisa anatuharakisha. Kisu cha Dorsila kiliteleza kwenye mfupa kikaingia kiganjani, mkono wa kushoto. Hakulia. Aliangalia vidole vyake viwili vya mwisho akaniambia, "Vimekataa kusikia." Nilijaribu kuvikunja mwenyewe nikaona kweli, havifuati. Supavaisa alimfunga mfuko wa plastiki, akampeleka langoni, akamwambia apumzike nyumbani. Kibarua pale hakuwa na jina. Alikuwa na kibati chenye namba, unakichukua asubuhi, unakirudisha jioni. Kibati cha Dorsila kilirudishwa kwenye msumari, na kesho yake mwanamke mwingine alikuwa amekivaa.

Mimi nilivua aproni nikamfuata bila ruhusa. Tulikwenda kwenye zahanati ya masista. Aliyekuwa zamu ni Sista Una, muuguzi kutoka Ireland, mwembamba, mwenye uso uliochomwa na jua. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi hata Kijaluo chake kilikuwa na utani. Alishona mkono akatuambia ukweli, kwamba vidole viwili huenda visirudi. Halafu akauliza, "Na chama chenu cha wafanyakazi kinasema nini?"

Dorsila akasema, "Sista, chama ni cha watu wa reli na bandari. Sisi ni wa samaki."

Sista Una alivuta kiti. Alisema bibi yake, mamake babake, alikuwa mpakiaji wa biskuti kiwandani, mjini Dublin. Zamani hizo chama kilikuwa cha mafundi, watu wenye ujuzi na vyeti. Mchukuzi, mwendesha mkokoteni, msichana wa kiwanda, hao walionekana takataka. Mpaka akatokea mtu mmoja wa bandarini, mwenye sauti kubwa, pamoja na wenzake, wakaanzisha chama cha wafanyakazi wa kila aina. Ukiwa unafanya kazi, unaingia. Mpakuzi wa meli akigoma, mwenye mkokoteni habebi mzigo wake. Bibi yake akaingia, akavaa beji kifuani.

"Wenye viwanda wakafanya nini?" niliuliza.

"Wakaleta karatasi. Weka sahihi kwamba wewe si wa chama, wala hutakuwa, au nenda nyumbani. Maelfu wakakataa. Hata watu ambao hawakuwa wa chama walikataa. Wakafungiwa nje miezi mingi, watoto wakilala njaa. Wafanyakazi wa nchi jirani wakawatumia meli ya chakula."

"Mwishowe?"

Sista Una alikata uzi. "Mwishowe walishindwa. Njaa iliwarudisha mmoja mmoja. Wengine waliweka sahihi. Bibi yangu hakurudishwa kabisa. Lakini chama hakikufa. Baada ya miaka michache kilikuwa kikubwa kuliko mwanzo."

Nilisikia vizuri. Nataka mkumbuke hapo, kwamba nilisikia vizuri. Dorsila yeye alikuwa amelewa dawa ya maumivu, kichwa kimelala begani kwangu.

Sista ndiye aliyetuelekeza kwa Mzee Odero, aliyekuwa akija pale kupimwa presha. Mzee Odero alikuwa katibu wa tawi la chama chetu, makao yake Suna, Migori. Ujanani alikuwa amefanya kazi ya kuli bandarini Mombasa, na Kiswahili chake kilibaki cha huko, laini, tofauti kabisa na chetu cha kukwaruza. Alikuwa anasafiri na baiskeli iliyofungwa juu ya basi, na daftari la majina aliloliviringisha kwenye plastiki kama mtoto. Tawi lake lilikuwa na walinzi wa maduka, wapishi wa hoteli, watu wa maghala ya tumbaku, wafagizi. Alipoona mkono wa Dorsila aliuliza swali moja tu, "Jina lako nani, mwanangu?" Akaliandika. Dorsila aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtoa machozi, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa kazini aliyekuwa ameliandika.

Mzee Odero alikuwa Msabato, haguswi Jumamosi. Sisi wengi Wakatoliki, Jumapili tuko kanisani. Kwa hivyo chama chetu kilizaliwa siku za Jumatano.

Mkutano wangu wa kwanza niliuharibu. Nilikuwa nimekariri haki zote kutoka kwenye kijitabu cha Mzee Odero, nikasimama nyuma ya banda la nyavu nikaongea mpaka koo likakauka. Wanawake kumi na mmoja walikuja. Nilipomaliza walikuwa watano, na mmoja wao amesinzia. Mzee Odero alingoja tubaki wawili.

"Uliongea na nani?"

"Na wao, jaduong'." Jaduong' ni mzee, kwa heshima.

"Hapana. Uliongea na masikio yako. Wiki ijayo waulize swali moja halafu unyamaze. Waulize gambuti zinawabana wapi."

Nikauliza. Yallah! Waliongea mpaka jua likainamia ziwa. Fangasi, choo, mama mjamzito aliyebeba kreti mpaka akaanguka, mkono wa Dorsila. Nyinyi mtakaoandikisha watu, hilo ndilo somo la kwanza na nalitoa bure. La pili, usiende kwa meneja peke yako hata kama ni rafiki yako. La tatu, kila barua iwe na nakala, na nakala isilale ofisini.

Majina yakaongezeka kwenye daftari. Mzee Odero aliandika barua, Dorsila akarudishwa kazini, afagie kwa mkono mmoja. Tukaomba mambo matatu: kila mtu awe na jina kwenye orodha, kila mtu awe na gambuti zake, na anayeumia kazini atibiwe na kurudi mahali pake.

Meneja hakujibu. Wiki iliyofuata ikaja karatasi.

Ilikuwa imepigwa chapa, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Supavaisa akatusomea kwa Kiswahili: mimi fulani nakubali kwamba si mwanachama wa chama chochote, wala sitajiunga. Tuweke sahihi au kidole gumba kabla ya Jumatatu. Karatasi ya Dublin ilikuwa imetufikia, imevuka bahari na miaka yote hiyo bila kubadilika neno.

Jumatano tulijaa nyuma ya banda la nyavu, wengine wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Walikuwa na hofu. Mzee Odero alikuwa Suna, hakufika, kwa hivyo ni mimi niliyesimama. Niliwasimulia bibi yake Sista Una, beji, karatasi, meli ya chakula. Nilisimulia vizuri siku hiyo, sijawahi kusimulia vizuri hivyo tena. Hata watoto mgongoni walikuwa kimya. Halafu Mama Rael, mfagizi, mkubwa wetu kwa umri, akauliza, "Na mwisho wao ulikuwaje?"

Niliangalia zile nyuso. Zilikuwa zinaniangalia kama mtu anayeangalia daktari.

Nikasema, "Walishinda."

Walipiga vigelegele. Dorsila alipiga kuliko wote, akitumia mkono mzima kugonga ubavu wa mtumbwi. Hakuna hata mmoja aliyeweka sahihi. Jumatatu tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo.

Mtanisamehe, lakini zile wiki ndizo ninazozikumbuka zaidi katika maisha yangu, na si kwa ubaya. Kila asubuhi tulikaa nje ya lango tukiwa na visu vyetu vimefungwa kwenye vitambaa, kuonyesha kwamba tuko tayari kwa kazi. Wavuvi walituletea vidagaa vya omena. Wapishi wa hoteli za Suna, watu ambao hatujawahi kuwaona, walituma unga juu ya basi, umeandikwa kwa makaa kwenye gunia, "Kwa wa samaki." Tulipika chungu kimoja. Tulisukana nywele. Tulijuana majina ya watoto. Ndani ya kiwanda tulikuwa tumesimama bega kwa bega miaka na hatukujuana hivyo, kwa sababu mashine zilikuwa na kelele na supavaisa alikuwa na macho. Kama mtu angeniambia leo nirudi siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua asubuhi ya pale langoni, Dorsila akimwiga meneja na Mama Rael akikoroga chungu.

Wiki ya tatu Dorsila alikwenda kwa Sista Una kunyooshwa vidole. Alirudi moja kwa moja nyumbani kwangu. Nilikuwa naanika nguo. Hakukaa.

"Auma," alisema, na nikajua kuna jambo, kwa sababu hakuniita nyamera. "Nimemshukuru Sista kwa habari ya bibi yake. Nimemwambia, kama wao walishinda, na sisi tutashinda. Akaniangalia hivi. Akasema, walishindwa. Akasema alikuambia."

Nilishika ile nguo tu.

"Alikuambia au hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Sasa kwa nini?"

"Ningesema walishindwa, nani angekataa karatasi?"

"Mimi," Dorsila alisema. "Mimi ningekataa. Ningekataa nikijua. Sasa nimekataa kama mtoto aliyedanganywa kwa peremende." Alifuta jasho kwa ule mkono uliojikunja. "Waambie. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi."

Niliahidi kuwaambia kesho yake. Kesho yake nikasema kesho. Nikapanda gari kwenda Suna kwa Mzee Odero, nikitumaini ataniambia ninyamaze kwa faida ya chama. Alinisikiliza akiwa amefunga macho. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeongoza migomo ya kushindwa kuliko ya kushinda, na sikumficha mtu hata siku moja. Hawa watu wanakaa na njaa kwa sababu ya neno lako. Rudi ukawape neno la kweli, halafu waamue wenyewe kama njaa hiyo wanaitaka."

Niliporudi, asubuhi, nilikuta watu wamesimama wote, wanaangalia lango. Mnyororo umefunguliwa kidogo, mtu mmoja anapita. Alikuwa Dorsila. Meza ilikuwa imewekwa ndani, supavaisa ameketi na zile karatasi. Dorsila aliinama akaweka sahihi.

Sijui ni nini kiliniingia. Labda ilikuwa aibu imevaa nguo za hasira. Nilipiga kelele mbele ya wote, "Msaliti! Dorsila msaliti!" Na wengine wakadakia.

Aligeuka. Aliniangalia kupitia vyuma vya lango. Maneno yalikuwa mdomoni kwake, mimi niliyaona. Angesema sentensi moja tu ningekuwa nimekwisha. Hakuisema. Alifunga aproni kwa mkono mmoja, kwa meno, akaingia ndani.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mama Rael akafikiri nimepatwa na njaa, akaniletea uji. Nikamwambia, "Mama, usinipe. Kwanza nisikilize." Nikasimama, nikawaambia. Kwamba wale wanawake walifungiwa nje miezi, wakashindwa. Kwamba nilijua. Kwamba Dorsila alijua nimedanganya, na ameingia pale ndani akiwa amenifichia.

Mmoja alitema mate akaondoka, akaenda mezani akaweka sahihi, na sikuwa na neno la kumzuia. Wengine wanne wakamfuata. Nilidhani wote wataondoka. Mama Rael akauliza, "Na chama chao je? Kilikufa?"

"Hakikufa. Kilikuja kuwa kikubwa kuliko mwanzo."

"Na hilo pia ni uongo?"

"Hilo ni kweli, mama. Nenda umwulize Sista."

"Nitakwenda," alisema. Na alikwenda kweli, kwa miguu, akiwa na wanawake wawili kama mashahidi, sisi tukimngoja langoni. Aliporudi alichukua mwiko wake. "Ni kweli," alisema. "Haya, tuamue upya. Safari hii tunajua."

Waliobaki walikuwa wengi kuliko walioingia. Hawakunipigia vigelegele, na hawakunikalia karibu wakati wa kula, lakini walibaki. Siku chache baadaye afisa wa kazi wa serikali alikuja, Mzee Odero naye akaja na daftari lake na nakala za barua zote, wakakaa na meneja siku nzima. Karatasi ile ilifutwa. Majina yakaandikwa kwenye orodha, gambuti zikaahidiwa, matibabu yakakubaliwa. Meneja alipotaka walioweka sahihi waachwe nje ya makubaliano, ili tuchukiane, Mzee Odero alikataa. "Chama hiki ni cha kila mfanyakazi," alisema, "hata anayekikasirikia."

Jina la Dorsila liliandikwa. Lakini gambuti zilipokuja hakuwepo. Alikuwa ameacha kazi, amemfuata mume wake Mkuria aliyekuwa anapakia malori Suna. Hakuniaga.

Msidhani baada ya hapo tuliishi raha. Haukupita muda mrefu Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, wakisema si salama, na kiwanda kikalala kimya miezi. Kunguru walikaa juu ya paa. Lakini kilipofunguliwa, watu waliitwa kazini kufuata orodha, jina kwa jina, wala hapakuwa na kugombania vibati langoni. Mama Rael aliitwa wa tatu. Alilia mpaka supavaisa akamshika mkono.

Mzee Odero alipochoka alinichukua niwe msaidizi wake, nikaanza kusafiri Migori. Siku moja nilikwenda kuandikisha wapishi wa hoteli moja Suna. Nilipitia mlango wa nyuma, kama alivyonifundisha mzee, na jikoni nikamkuta Dorsila anamenya ndizi. Alikuwa anazishikilia kwa kiwiko.

Nilisema, "Nyamera, nisamehe."

Aliendelea kumenya. "Kwa lipi? Kwa uongo au kwa msaliti?"

"Kwa yote mawili."

"Uongo nilikusamehe kabla sijafika langoni. Ulikuwa uoga tu." Aliweka ndizi chini. "Nilikwenda kuweka sahihi kwa sababu ya huu mkono. Nilijua mwenye mkono mmoja akifukuzwa hatapata kazi kwingine. Nyinyi mlikuwa na mikono ya kungojea. Ningewaeleza, lakini ulinitangulia kuniita jina."

Tulikaa kwenye magunia ya viazi mpaka mwenye hoteli akaanza kukohoa mlangoni. Dorsila akainuka, akatoka nje akitembea tumbo mbele, akikohoa vile vile. Nilicheka mpaka nikalia. Sikumpa fomu siku hiyo, niliona haya. Aliichukua mwenyewe mfukoni mwangu, na jiko lile lote likaingia chama kwa sababu yake. Mwaka uliofuata tulizunguka pamoja Migori nzima, Jumatano kwa Jumatano. Nilipoongea sana alikuwa ananikanyaga mguu.

Halafu baba mkwe wake akafa, na mume akaamua warudi kwao, upande wa Tanzania. Nilimsindikiza mpaka mpakani. Tulisimama Isebania, malori yakipita. Aliniambia, "Usiniandikie barua, kusoma kunanichosha. Uje. Siyo mbali, ukishuka Sirari, hapo ng'ambo, uliza tu."

"Nitakuja mwezi ujao."

"Oriti, nyamera," alisema, yaani kwaheri. Akavuka.

Mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa tawi. Uliofuata kulikuwa na mgomo wa walinzi. Halafu semina, halafu Mzee Odero akafariki, nikabaki na tawi zima mikononi. Kila nilipofika Migori niliangalia barabara ya mpakani nikasema, safari ijayo. Ninyi mnaijua barabara hiyo. Ni safari ya asubuhi na kurudi.

Nilikwenda nilipostaafu. Nilishuka Sirari nikauliza, na kweli, kila mtu alikuwa anamjua. Wifi yake alinipokea, akanipa kiti na maziwa ya mgando, halafu akanipeleka nyuma ya boma kunionyesha alipozikwa. Nyasi zilikuwa zimeshamea zikafunga. Ilikuwa imepita miaka miwili.

Nilimwuliza kama aliwahi kunitaja. Wifi akashangaa swali lenyewe.

"Mama Auma wa chama? Kila akisikia gari linasimama barabarani alikuwa anachungulia. Sisi tulikuwa tunamtania, huyo rafiki yako hayupo, umemtunga. Yeye alikuwa anasema, atakuja, mwacheni. Ana mkutano."